Nani Aliishika Fimbo Jumanne?

Ndege ilianguka Jumatano, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, katika chumba cha nyuma, mezani kwa Babu.

Hakufa mtu. Ilikuwa ndege ya kwenye kompyuta, ya injini mbili, na mizigo yake yote ilikuwa ya kufikirika. Ilikuja vizuri, magurudumu chini, mwendo sawasawa, halafu ikaanza kulala kushoto kidogo kidogo kama mtu anayesinzia kwenye benchi. Babu akairudisha. Ikalala tena. Ikakigonga kilima kilicho kando ya uwanja, na skrini ikawa nyekundu.

Babu alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akautazama mkono wake wa kulia. Aliugeuza juu, akaugeuza chini.

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, alikuwa amekaa mjukuu wake. Huyu alikuwa na miaka kumi na minne, na mbele za watu sauti yake huwa inakwenda kusikojulikana. Mwalimu akimuuliza kitu darasani, jibu analo, lakini linaishia kwenye meno. Ila humu chumbani alikuwa anavaa hedifoni ya pili na kuongoza ndege, na humu alikuwa anaongea bila shida. Ndiyo maana Babu alimwita Mnara.

"Mnara, umeona?"

"Nimeona, Babu. Imevutwa kushoto."

"Haikuvutwa. Nimeipeleka mimi."

Babu alirusha ndege za mizigo za kweli kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu, wanawe walichanga wakamnunulia simuleta: kompyuta, pedali za miguu, na jostiki nyeusi ambayo yeye alikataa kuiita jostiki. Aliita fimbo. Kila siku saa nane mchana alilala, saa kumi kasorobo aliamka, saa kumi kamili alikuwa angani. Zamani aliruka na rafiki yake aliyekuwa msaidizi wake kazini, kila mmoja nyumbani kwake, wakicheka kwenye hedifoni mpaka Bibi anawagongea ukuta. Msaidizi alifariki mwaka juzi. Tangu hapo Babu aliruka peke yake, na akitoka chumbani alikuwa hasimulii tena safari.

"Labda ni fimbo," Mnara alisema. "Ngoja nifungue mipangilio."

Alifungua. Kwenye ukurasa wa jostiki kulikuwa na mistari miwili na nukta katikati. Nukta ilipaswa kukaa katikati. Ilikuwa imekaa kushoto. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo: imesawazishwa mara ya mwisho Jumanne, 15:12.

"Babu, jana saa tisa na dakika kumi na mbili uliisawazisha fimbo?"

Babu aliisoma ile saa kwenye skrini.

"Saa hizo nalala."

"Kwa hiyo si wewe."

"Nalala, au nadhani nalala." Alivuta kiti karibu na cha Mnara na kushusha sauti. "Wiki iliyopita miwani yangu ilipatikana kwenye friji. Mwezi uliopita nilimwita mjomba wako kwa jina la marehemu kaka yangu, mara mbili, mezani. Sasa sikiliza. Chumba hiki haingii mtu ila mimi na wewe. Wewe jana saa tisa ulikuwa shule. Nani amebaki?"

Mnara aliiangalia ile nukta.

"Nimebaki mimi. Nimeamka usingizini, nimekuja hapa, nimeivuruga fimbo, nimerudi kulala, na sikumbuki kitu. Jioni umeme ulikuwa umekatika, sikuruka, ndiyo maana nimegundua leo." Alisema hivyo bila kutetereka, kama anasoma taarifa ya hali ya hewa. "Mtu asiyejua alichofanya Jumanne hafai kukaa kwenye kiti hiki, hata kama ndege ni ya uongo. Jumamosi saa nne mjomba wako atakuja na sanduku. Nitampa mashine yote. Na funguo za gari."

"Tunaweza kuisawazisha sasa hivi. Ni dakika mbili."

"Usiiguse. Fimbo si shida, Mnara. Shida ni nani aliishika."

"Basi nipe mpaka Jumamosi nimtafute."

Babu alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndege ianguke uso wake kulegea kidogo.

"Ruhusa umepewa. Ila bibi yako asijue ninachokihofia. Hatapata usingizi."

Wakati wa chakula cha jioni Babu alichezea kijiko tu. Bibi alimwangalia, akamwangalia mjukuu.

"Kuna nini leo?"

"Ndege ya Babu imeanguka," Mnara alisema.

"Ndiyo ugome kula?" Bibi alimwongezea mchuzi Babu bila kumuuliza. "Kula, mzee wangu. Kilima kile kimekaa vibaya, hata kijana angekigonga."

Babu alisogeza sahani. Mnara alimeza chakula na wala hakusikia kitu cha ajabu, na kwa hilo alikuja kujilaumu baadaye.

*

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya shule, Mnara aliingia chumba cha nyuma na daftari la hesabu, akaanzia ukurasa wa mwisho ili mwalimu asione.

Aliandika alichokiona.

Kwanza, meza. Fimbo ilikuwa mahali pake, mbele ya kiti cha Babu, imeshikwa na vikombe vyake vinne vya mpira vinavyonyonya meza. Lakini upande wa kulia, shubiri mbili kutoka hapo, kulikuwa na duara nne kwenye vumbi, ukubwa uleule. Fimbo ilikuwa imehamishwa kulia, ikatumika, ikarudishwa.

Pili, waya. Babu aliweka alama ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye tundu la fimbo nyuma ya kompyuta, ili asilikosee. Tundu lenye alama lilikuwa wazi. Waya ulichomekwa kwenye tundu la mbele.

Tatu, zulia. Mbele ya zile duara nne za vumbi, mahali ambapo hakuna kiti, zulia lilikuwa limebonyea sehemu tatu. Si nne. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu cha miguu mitatu: stuli ya jikoni, ileile ambayo Mjomba huipanda akipaka dari.

Nne, mlango. Kwenye fremu, usawa wa bega la mtu mzima, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Rangi ya kijani.

Mnara alifunga daftari. Mjomba alikuwa fundi rangi.

*

Lakini alianza na Fundi, kwa sababu kibanda chake kilikuwa njiani kutoka shule, na kwa sababu alikuwa amekuja nyumbani Jumanne hiyohiyo kusafisha feni ya kompyuta. Fundi alikuwa kijana mrefu mwenye kurunzi ndogo kichwani, hata mchana. Mezani pake kulikuwa na simu saba zilizofunguliwa matumbo na kikombe cha chai.

Mnara alisimama mlangoni dakika nzima. Mwishowe alimnyooshea daftari badala ya kuongea. Fundi akasoma.

"'Mshukiwa wa kwanza: Fundi. Sababu: akiharibu, ataitwa tena kutengeneza.'" Alinyanyua macho. "Yaani unanishtaki, na chai yangu bado ya moto?"

"Samahani," Mnara alisema, sauti ikitoka nusu.

"Hapana, ni kazi nzuri. Mimi pia ningejishuku. Nilitoka kwenu saa ngapi?"

"Bibi amesema saa tano na dakika arobaini."

"Na fimbo ilisawazishwa saa tisa na dakika kumi na mbili. Saa hizo nilikuwa hapa na mama mmoja aliyeangusha simu kwenye ndoo ya sabuni. Muulize, anauza vitambaa hapo ng'ambo, bado ananinunia." Alivuta stuli. "Kaa. Waya umeukuta kwenye tundu gani?"

"La mbele."

"Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Ukihamisha tundu, kompyuta inaiona fimbo kama mgeni, inaanza kuihoji upya. Kwanza inakwambia: achia fimbo, bonyeza kitufe. Halafu: izungushe mpaka mwisho wa kila upande. Halafu: achia tena, bonyeza. Ukiiachia, fimbo inasimama wima yenyewe, ina springi ndani. Mashine inasema sawa, hapa ndipo katikati. Nichoree ile nukta ilikokaa."

Mnara alichora. Fundi aliisogezea kurunzi ya kichwani.

"Huyu mtu hakuachia. Aliambiwa aachie, yeye akaendelea kuishika, imeinama kulia, akabonyeza. Mashine ikaamini kwamba kulia ndiko katikati. Sasa fimbo ikisimama wima, mashine inaiona imelala kushoto. Na ndege inakwenda kushoto."

"Alifanya makusudi?"

"Mtu wa makusudi angekata waya, angemwaga soda. Huyu alifuata maelekezo yote isipokuwa moja." Fundi alikunywa chai. "Alishindwa kuachia. Sijui kwa nini. Kila mtu ninayemwambia aachie, anaachia."

Mnara aliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Babu mwenyewe alikuwa akisawazisha fimbo kila mwezi, naye alimwona mara nyingi: mikono mapajani kama mtoto anayesubiri kupigwa picha, kidole kimoja tu kikienda kwenye kitufe. Babu angeachia. Hata usingizini.

Lakini "angeachia" si ushahidi. Mzee mwenye hofu hatulizwi na neno hilo. Anataka mtu.

*

Saa kumi na moja kasoro dakika tano alimkuta Mjomba juu ya ngazi, anapaka ukuta wa duka la dawa rangi ya kijani. Alikuwa na kijani kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja peke yako kuongea na mtu? Leo itanyesha."

"Kidole chako kiko kwenye mlango wa Babu."

Mjomba aliacha kupaka. Alishuka ngazi moja, akashuka ya pili.

"Unajuaje ni changu?"

Mnara aliitazama mikono yake. Mjomba naye akaitazama.

"Haya," alisema. "Nilikwenda Jumatatu asubuhi, babu yako akiwa bafuni. Nilipima kuta."

"Ili uchukue chumba? Ulisema sikukuu iliyopita kwamba makopo yako ya rangi hayana pa kukaa."

"Nilisema nikiwa nimeshiba. Mpwa, sikiliza." Aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha kadi kilichopakwa rangi: samawati nyepesi, na chini yake nyingine iliyofifia zaidi. "Mwezi ujao anatimiza sabini na tano. Nilitaka nimpakie anga. Kuta zote na dari, iwe nzito chini na nyepesi juu, kama wanavyoiona wao huko. Rangi nimeshanunua. Halafu jana usiku ananipigia simu, lete sanduku Jumamosi, beba mashine. Namuuliza kwa nini, ananikata. Nampigia tena, ananikata tena." Alikirudisha kile kipande mfukoni. "Kuna nini pale nyumbani?"

Mnara alitaka sana kumwambia. Alifungua daftari.

"Jumanne saa tisa ulikuwa wapi?"

"Hapahapa juu ya ngazi. Kwani vipi, Inspekta?"

Mwenye duka la dawa, mama mwenye koti jeupe, alitoa kichwa dirishani. "Alikuwepo. Alikuwa anaimba. Nilimwomba anyamaze saa tisa kamili na nikamwomba tena saa tisa na robo. Kama mnamtafuta kwa kosa jingine nitawasaidia."

Mnara alitembea kurudi nyumbani akiwa amefuta majina mawili. Kwenye daftari yalibaki majina mawili, na hakuna kati ya hayo alilotaka libaki.

*

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Bibi alikuwa jikoni anachambua mchele, amekalia stuli ya miguu mitatu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Ilikuwa siku ya pili Babu haruki, na nyumba ilikuwa inasikika vibaya bila mngurumo wa zile injini.

"Bibi, Jumanne saa tisa ulikuwa wapi?"

"Humu humu ndani. Niende wapi na miguu hii?"

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Kazi zangu." Bibi alitupa jiwe dogo pembeni. "Haya ni mahojiano? Nitafute wakili?"

"Ulibadilisha mipangilio kwenye kompyuta ya Babu?"

"Mimi? Mimi ambaye nikipokea simu namkatia mtu? Sijabadilisha kitu chochote, na chumba kile unajua mimi siingii. Nikiiangalia ile skrini kichwa kinazunguka." Alimtazama mjukuu wake, na sauti yake ikabadilika. "Hebu niambie wewe. Babu yako ana nini? Halali. Usiku anakaa kitandani anahesabu vidole."

"Sijui, Bibi."

Walitazamana, kila mmoja akijua kwamba mwenzake ameficha kitu, na kila mmoja akiheshimu. Bibi akarudi kwenye mchele.

Mnara alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na dirisha. Alisoma daftari kuanzia juu. Duara nne upande wa kulia. Mashimo matatu ya stuli upande wa kulia. Kiti cha Babu, kikubwa, cha ngozi, chenye mto wa mgongo, kilikuwa palepale katikati. Kwa nini mtu aache kiti kizuri hivyo, abebe stuli kutoka jikoni, aikalie upande wa kulia, aivute fimbo kumfuata, mpaka waya usifike na alazimike kubadilisha tundu?

Babu alikuwa amemfundisha tangu akiwa na miaka tisa. Kwenye ndege, rubani anakaa kushoto. Na kulia anakaa nani?

Halafu akakumbuka kanuni ya kwanza ya Babu, ile aliyoisema kwenye harusi, kwenye misiba, na kwenye kila safari ya gari: rubani haachii fimbo mpaka mwenzake aseme "nimeishika." Nyumba nzima iliijua. Mjomba aliijua, lakini Mjomba alikuwa kwenye ngazi anaimba. Fundi hakuijua kabisa.

Mtu anayeijua kanuni kwa kuisikia tu, asiyejua kwamba wakati wa kusawazisha haihusiki, angeambiwa na kompyuta "achia fimbo" na asingeachia, maana hakuna aliyesema nimeishika.

Mnara aligeuza ukurasa wa Jumatano. Chakula cha jioni. Yeye alisema ndege imeanguka. Hakusema imegonga nini. Na uwanja ule ulikuwa mpya, Babu alianza kuutumia Jumapili tu, na hamsimulii mtu.

Alifunga daftari.

*

Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, Mjomba alifika na sanduku kubwa la nguo, akaliweka ukumbini bila kusalimia kwa furaha. Fundi alikuja kwa sababu Mnara alimwandikia ujumbe. Bibi alikuja kwa sababu aliona sanduku.

"Hili la nini?"

"La mashine," Babu alisema. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mfukoni zililia funguo za gari. "Nimechoka nayo. Mnara, twende tuimalize."

Watu wanne wakajaa kwenye chumba cha nyuma, wote wakimwangalia msichana mmoja. Sauti ya Mnara ikaondoka kama kawaida yake. Alifungua mdomo, akaufunga. Babu akaona. Bila kusema neno akachukua hedifoni ya pili mezani, akamvalisha, akakaa kwenye kiti chake na kuvaa ya kwake.

"Mnara," alisema, "tunakusikiliza."

Mnara akawapa mgongo, akaangalia dirisha.

"Mnara anaongea," alisema, na sauti ikatoka. "Babu, rusha ndege. Mita elfu moja. Halafu nitakuomba kitu."

Injini zikanguruma. Ndege ikapanda, ikilala kushoto, Babu akiirudisha kila mara.

"Sasa achia fimbo."

"Hapana."

"Babu, achia."

"Mnara unajua sifanyi hivyo. Mwenzangu hajasema."

"Ndiyo," Mnara alisema. "Hata aliyeivuruga hakuachia kwa sababu hiyohiyo. Lakini mimi ndiye mnara, na naomba uachie kwa sekunde tano."

Babu aliondoa mkono. Kidole kimoja kimoja. Fimbo ilisimama wima, haikuguswa na mtu, na ndege kwenye skrini ikalala kushoto yenyewe.

"Kwa hiyo si mkono," Mnara alisema. "Swali la pili ni nani. Fundi alikuwa na simu ya sabuni. Mjomba alikuwa anasumbua duka la dawa. Babu akisawazisha anaweka mikono mapajani, na akikaa anakaa hapo alipo. Huyu alikaa kulia, juu ya stuli ya jikoni. Kiti kilikuwa wazi, hakukikalia. Alikiacha kwa sababu ni cha rubani. Na alijua kuna kilima kabla sijamwambia mtu."

Mnara aligeuka taratibu. Alikuwa amepanga kusema jina, lakini alipomwona akasema tu, "Bibi."

Bibi alikuwa ameshika fremu ya mlango, mkono juu ya ile alama ya kijani ya kidole cha Mjomba.

"Sikubadilisha kitu," alisema. "Nilisema kweli. Iliniuliza maswali, nikajibu."

"Mama?" Babu alisema. "Wewe?"

"Majuma sita sasa. Ukilala tu, naingia." Alikuwa anaongea na zulia. "Nilikuwa nanyoosha shingo kutoka pembeni, nimeegemea. Jumanne nikasema leo nikae upande wangu hasa, nivute fimbo. Waya haukufika, nikautia pale mbele. Ikaandika eti achia. Niachie kwa nani? Hakuna mtu chumbani. Miaka arobaini na nane unaniambia mtu haachii mpaka mwenzake aseme. Nikaishika, nikabonyeza. Halafu ndege ikawa inalala, inalala. Nikasema basi, mkono wangu umeisha, mimi ni mzee, nilikuwa najidanganya. Umeme ukakatika, nikarudisha fimbo na stuli, nikaenda kulia kidogo jikoni."

"Ulidhani ni mkono wako," Babu alisema.

"Wa nani tena?"

Babu alianza kucheka. Ilianzia mabegani, ikapanda, mpaka miwani ikamteleza. Alipoitoa kuifuta, macho yake yalikuwa na maji.

"Unacheka nini, mzee wangu? Na sanduku la nini? Mbona mnanificha?"

Akamweleza. Alimweleza yote, friji na jina la kaka yake na Jumanne asiyoikumbuka. Bibi alisikiliza, mkono mdomoni.

"Miwani niliiweka mimi," alisema mwishowe. "Nilikuwa na maziwa mkono mmoja na miwani yako mkono mwingine. Nikaona aibu kukwambia."

"Na jina?" Babu aliuliza.

"Jina ulikosea mwenyewe," Mjomba alisema. "Lakini Baba, umekuwa ukikosea majina yetu tangu nikiwa darasa la pili. Dada uliwahi kumwita kwa jina la paka."

Fundi alikohoa kwa adabu na kuuliza kama bado anahitajika. Hakuna aliyemjibu, akatoka ukumbini akakaa kwenye sanduku.

"Kwa nini hukuniambia unataka kuruka?" Babu alimuuliza Bibi.

"Tangu Msaidizi aondoke, unatoka humu huna la kusema. Zamani nilikuwa nagonga ukuta mnyamaze. Sasa nasikiliza ukuta, hakuna kitu." Bibi alinyoosha kitenge chake ingawa kilikuwa kimenyooka. "Nikasema mwezi ujao, siku yako, nitaingia nikae kulia. Nilitaka niwe najua, nisikuaibishe."

Babu akatoa funguo za gari mfukoni na kuzitupa kwenye droo.

"Mjomba wa Mnara, leta stuli. Mnara, soma maelekezo."

Mnara alisoma kutoka kwenye skrini. Achia fimbo, bonyeza kitufe. Babu akaweka mikono mapajani na kumwonyesha Bibi naye afanye hivyo. Wakakaa wote wawili kama wanapigwa picha ya harusi. Izungushe. Bibi akaizungusha. Achia. Safari hii aliachia, ila alimtazama mumewe kwanza. Nukta ikasimama katikati kabisa.

Saa tano na dakika tatu, Mnara alirudi kwenye kiti chake cha plastiki. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, akiupima kwa macho, na kile kipande cha samawati kilikuwa kinachungulia mfukoni mwake. Hakuna aliyemuuliza.

"Mnara," Babu alisema kwenye hedifoni, "tunaomba ruhusa ya kuruka."

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Ruhusa mmepewa."

Ndege ilipanda bila kulala upande wowote. Kilima kikapita chini. Babu aliishika fimbo mpaka wakafika juu ya mawingu, halafu akaisogeza kwenye meza, shubiri mbili kulia, mkono ukiwa bado juu yake.

"Haya," alimwambia Bibi. "Sema."

Bibi alifuta kiganja kwenye kitenge, akakiweka juu ya mkono wa Babu.

"Nimeishika," alisema.

Na Babu akaachia.